Omweso ndani ya kompyuta ya 1982: miezi saba kwa mchezaji mmoja (uzi mrefu)

#1 Fundi_Naguru

Salaam wakuu. Uzi huu ni mrefu, mwenye chai aimimine kabisa.

Mimi ni mtoto wa kambini. Nimekulia Naguru, kambi ya polisi hapa Kampala, kwa hiyo Kiswahili changu sikukipata darasani. Nilikipata bombani, kwenye foleni ya maji, Waacholi, Walugbara, Wateso na Waganda wamechanganyika na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Mjomba wangu alikuwa fundi wa redio za mawasiliano. Mwaka 1985 alirudi kutoka kozi Uingereza na kisanduku cheusi chembamba chenye vitufe vya mpira. Ilikuwa ZX Spectrum, ile ya kilobaiti 48, iliyotoka mwaka 1982. Tuliichomeka kwenye televisheni ya jirani isiyo na rangi. Jioni mjomba alikuwa chini ya mwembe anacheza omweso na wazee wenzake, usiku ananifundisha BASIC, lugha ya kuandikia programu. Akaniambia, "Siku moja omweso tutauingiza humu." Kisanduku kilikufa kabla siku hiyo haijafika.

Sasa mjomba ana miaka 79. Macho yamekwisha: la kushoto mtoto wa jicho, la kulia presha ya macho. Bado anacheza, kwa vidole na kwa masikio. Tatizo ni wenzake. Wamebaki wawili, na mmoja amehamia Soroti kwa mwanawe. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikaamua ahadi ile niitimize mimi, kwa Spectrum ile ile, ingawa ndani ya emuleta (programu inayoiiga) kwenye laptopu, na kwa lugha ya mashine ya Z80, chipu inayoiendesha Spectrum. Naandika usiku baada ya kazi, umeme ukiwepo.

Kwa wasioujua: omweso ni ndugu wa bao. Safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64, kila mchezaji 32 na safu zake mbili. Kete zenyewe tunaziita empiki, mbegu nyeusi ngumu zinazong'aa kwa kushikwa. Unachota shimo lenye kete mbili au zaidi, unapanda moja moja kinyume cha saa. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unachota tena na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu imelala. Ikiangukia shimo lako la safu ya mbele lenye kete, na mashimo yote mawili ya mwenzako yanayokutazama yana kete, unakula yote mawili, kisha unazipanda ulizokula kuanzia pale mzunguko ule ulipoanzia. Asiye na shimo lenye kete mbili ameshindwa. Na ukila vichwa, yaani mashimo ya ncha, vya pande zote mbili vya mwenzako kwa zamu moja, emitwe ebiri, mchezo umekwisha hapo hapo.

Nilichojenga mpaka leo: asembla yangu mwenyewe (inayogeuza amri za maneno kuwa namba za mashine), fonti yangu mwenyewe, mtengeneza kanda wangu mwenyewe (Spectrum inasoma programu kutoka kaseti, kama mlio), ubongo wa kucheza dhidi ya mtu, na sauti. Sauti nitaieleza peke yake, ndiyo roho ya kazi yote.

Ugonjwa uliobaki ni mmoja. Mara moja moja mashine inachota, inapanda, inachota, inapanda, haisimami. Jana niliiacha saa tatu usiku, saa kumi na mbili asubuhi nikaikuta bado inatembea. Nimekagua msimbo mstari kwa mstari siku mbili. Mwenye jicho anisaidie.

#2 Dada_Msimbo

Kaka, hongera, na mpe mjomba salamu kutoka Jinja. Lakini niulize kwa nia njema. Asembla za Z80 za bure zipo, pasmo na sjasmplus kwa kuanzia, zimekomaa na zinafanya kazi. Omweso wenyewe ungeuandika kwa simu wikendi mbili, na simu ingemsomea mjomba kwa sauti. Umejenga kiwanda cha sukari ili upate kikombe kimoja cha chai. Kwa nini?

#3 Fundi_Naguru

Dada, swali ni la haki, nalijibu lote.

Mjomba hakuniomba mchezo wa simu. Ameshawekewa na wajukuu, amesikiliza, ameurudisha. Alichotaka ni kushiriki kuutengeneza. Kila Jumapili nampigia, namsomea msimbo wa wiki nzima, naye ananikosoa. Z80 anaikumbuka kuliko majina ya baadhi yetu. Sasa jaribu kumsomea mtu kwenye simu "el-di-ei-koma-ech-el", umeme unakatika, mtandao unakatika, mara tatu anakuuliza umesema E au I. Wiki ya pili nikachoka. Nikaandika asembla inayokubali maneno ya Kiswahili. PAKIA, ONGEZA, PUNGUZA, JUMLISHA, RUKA, ITA, RUDI, SUKUMA, VUTA. Ile amri ya Z80 inayopunguza B (hifadhi ndogo ya namba ndani ya chipu, kama H na L) kisha inaruka kama haijafika sifuri, nimeiita ZUNGUKA. Zilog, waliotengeneza Z80, wanasema ina aina 158 za amri, 78 zikiwa zile za chipu ya Intel 8080. Mimi nimeweka ninazozitumia tu, hazifiki nusu.

Hiki ndicho kitanzi cha kupanda kete kama kilivyo leo:

    panda:  PAKIA L,(HL)
            ONGEZA H
            ONGEZA (HL)
            PUNGUZA H
            ZUNGUKA panda
            RUDI

Kisome kwa sauti. Mzee aliye kitandani anakielewa. L inaonyesha shimo tulipo, H inaonyesha ukurasa wa kumbukumbu wenye jedwali dogo: kila shimo limeandikiwa shimo linalofuata. Ukurasa wa juu yake una idadi ya kete. Kwa hiyo amri ya kwanza inahamia shimo linalofuata, ya pili inapanda ukurasa, ya tatu inadondosha kete, ya nne inashuka, ya tano inahesabu zilizobaki mkononi. Mapigo 39 ya saa kwa kete moja. Kitanzi cha kwanza nilichoandika kilikuwa kinaongeza L, kinaikata kwa kumi na tano ili irudi mwanzo, kikala mapigo 43.

Ndiyo, nilitumia usiku tatu kuokoa mapigo manne. Lakini jedwali limenipa kitu ambacho sikukitafuta. Omweso una ruhusa ya kupanda kinyume kutoka mashimo manne ya kushoto kama unakula papo hapo. Kwa njia ya zamani ningehitaji kitanzi cha pili. Sasa nanakili baiti 16 za jedwali lililogeuzwa, kitanzi hakijui lolote, kinatembea upande wa pili. Niliposomea mjomba hilo alinyamaza, kisha akasema, "Hapo sasa umekuwa fundi." Siwezi kuipata hiyo kwa asembla ya mtu mwingine.

Saa ya Spectrum inapiga mara milioni 3.5 kwa sekunde. Gawanya kwa 39, mashine inadondosha kete zaidi ya 89,000 kila sekunde, mradi msimbo ukae juu ya anwani 32768. Chini ya hapo kumbukumbu inagombaniwa na chipu ya picha, mapigo yanapotea.

#4 Mpiga_Bao

Tanga hapa. Nimefurahi kuona ndugu wa bao anaandikiwa programu. Kwetu bao la Kiswahili linaanza na kete 10 tu ubaoni kwa kila mtu, 22 ziko mkononi, unanamua kwanza (unaziingiza za mkononi moja moja) ndipo ufike mtaji (unacheza kwa za ubaoni tu). Na sisi tunakula shimo la mbele peke yake, ninyi mnabeba mawili, kwa hiyo mchezo wenu unapinduka haraka zaidi.

Neno moja tu kuhusu asembla. SUKUMA na VUTA kwa rundo la kumbukumbu sizikubali. Rundo ni kama sahani jikoni: unaweka juu, unatoa juu. Hakuna anayesukuma sahani. Ingekuwa TWIKA na TUA, kama mzigo kichwani. Mzigo wa mwisho kutwikwa ndio wa kwanza kutuliwa.

#5 Fundi_Naguru

Mpiga Bao, umenishinda. TWIKA na TUA zinaingia usiku huu huu. Asante sana.

#6 Kijana_Arua

Bro, kile kisanduku cha mjomba bado kipo? Natengeneza redio na tivii hapa Arua, nimewahi kufufua Spectrum mbili. Usikichomeke kwanza! Kilobaiti 16 za chini ni chipu nane za aina ya 4116, zinataka volti tatu kwa pamoja: +5, -5 na +12. Ile -5 ikipotea zinaungua ukiwa unazitazama. Mara nyingi anayekufa kwanza ni transista ndogo ya kigeuza volti, TR4, naye anaondoka na chipu. Pima volti zote tatu kabla ya jambo lolote.

Na kanda je? Umeijaribu kwa kaseti ya kweli? Miaka ya themanini programu zilikuwa zinatangazwa redioni. Uholanzi shirika la NOS lilifanya hivyo kwa mfumo wao wa Basicode. Radio Belgrade pia, na huko Yugoslavia Voja Antonić alibuni Galaksija mwaka 1983, kompyuta ya Z80 ambayo watu waliijenga wenyewe nyumbani kwa michoro ya gazeti. Msikilizaji anabonyeza kurekodi, kesho ana programu. Fikiria omweso ukipigwa redioni hapa kwetu saa nne usiku.

#7 Fundi_Naguru

Kisanduku kipo chini ya kitanda, kimefungwa kwa kitambaa. Hakitaguswa mpaka nikuletee. Asante kwa onyo la -5, ningekichomeka.

Kanda nimeijaribu, ndiyo. Kwenye Spectrum biti ya sifuri ni mapigo mawili ya sauti, kila moja mapigo 855 ya saa, na biti ya moja ni mara mbili ya hapo, 1710. Kabla ya data kuna ule mlio mrefu wa kuongoza, karibu hezi 807, sekunde tano kwa kichwa cha faili na mbili kwa data. Aliyewahi kuusikia hausahau. Programu yangu ina kilobaiti kama 11, inaingia kwa dakika moja na ushei.

Kwanza nilimtumia mjomba mlio huo kama ujumbe wa sauti wa simu. Haukuingia kabisa. Simu inabana sauti kwa kuhifadhi kile sikio linachohitaji ili lielewe maneno, na kingo kali za mapigo zinalainishwa kama sabuni iliyolala kwenye maji. Nilipoutuma kama faili, haujabanwa, ukaingia mara ya kwanza. Kisha nikaenda soko la Owino, nikapata redio kaseti ya zamani ya shilingi 35,000, nikasafisha kichwa chake kwa spiriti, nikarekodi kanda halisi. Hapo ndipo nilipolazimika kuandika programu ya kusikiliza maikrofoni na kupima urefu wa kila pigo, maana kasi ya mota inayumba. Kipande hicho peke yake kilikula wiki tatu, na nimekipenda kuliko vyote.

#8 Afande_Mstaafu

Niko Bombo. Nimesoma yote polepole. Fundi, turudi kwenye ule ugonjwa wako wa mashine isiyosimama. Kijana, hiyo haijakwama. Ubao umefika pale ambapo zamu haiishi. Sisi imetutokea, si mara nyingi. Unachota, unazunguka, mkono unachoka, wenzako wanaanza kucheka, mwisho mnafuta na kupanga upya. Mashine yako haichoki, basi inaendelea mpaka asubuhi. Muulize mjomba wako.

#9 Dada_Msimbo

Shikamoo Afande. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

#10 Fundi_Naguru

Shikamoo mzee wangu. Nimempigia mjomba. Alicheka mpaka akakohoa. "Siku mbili unatafuta kosa? Ungeniuliza siku ile ile."

Msimbo ulikuwa sahihi. Omweso wenyewe ndio ulivyo. Siku mbili nilikuwa namshitaki asiye na hatia.

Ila sasa mashine lazima ijue yenyewe kwamba zamu haina mwisho, na hapa naomba mnivumilie, maana pana utamu. Tazama: ndani ya zamu moja, kula kunapunguza kete za mwenzako tu, haziongezeki. Zipo 32 mwanzoni, zinakwenda chini. Kwa hiyo huwezi kula milele. Zamu isiyoisha lazima ifike mahali ambapo hakuna kula tena, ni kete zako tu zinazozunguka katika mashimo yako 16. Na namna za kuzipanga kete katika mashimo hayo, hata ziwe nyingi kiasi gani, zina kikomo. Kwa kete 32 katika mashimo 16 ni namna 751,616,304,549. Nyingi sana, lakini zina mwisho. Anayetembea bila kusimama mahali penye kikomo lazima akanyage nyayo zake mwenyewe.

Swali ni jinsi ya kuzitambua nyayo bila kuzihifadhi zote, kwa kuwa kumbukumbu yote ni kilobaiti 48. Kuna mbinu inayohusishwa na Mmarekani Robert W. Floyd, na jina lake kila mtoto wa Afrika Mashariki analijua: kobe na sungura. Unaweka nakala mbili za ubao. Kobe anapiga mzunguko mmoja, sungura anapiga miwili. Kama njia ina mwisho, sungura anafika na kulala. Kama njia ni duara, sungura atamzunguka kobe na siku moja watakutana shimo moja, kete zimepangwa sawasawa. Wakikutana, zamu haina mwisho. Kila nakala ni mashimo 16 na baiti moja ya kuonyesha mkono uko wapi. Baiti 34 kwa wote wawili! Na kila sungura anapokula, natupa hesabu, naanza upya na kobe mpya.

Nilimsomea mjomba Jumapili. Akaniambia niongeze sauti kobe anapokutana na sungura, ili naye ajue. Nimeongeza.

#11 Mpiga_Bao

Baiti 34. Nimelisoma hili kwa vijana wa barazani, mmoja amekwenda kutafuta ubao ili aitafute hiyo zamu isiyoisha kwa mkono.

#12 Dada_Msimbo

Nafuta neno langu la kiwanda cha sukari. Lakini hujatueleza sauti. Na picha je? Una skrini ya pikseli 256 kwa 192 na rangi mbili tu katika kila kisanduku cha 8 kwa 8, umechoraje mashimo 32?

#13 Fundi_Naguru

Picha nilizifanyia kazi mwezi mzima wa pili. Kila shimo visanduku vinne kwa vinne, kwa hiyo mashimo manane yanajaza upana wote wa skrini, visanduku 32 kamili. Kila kete imechorwa na kivuli chake. Mpangilio wa skrini ya Spectrum unachosha: mstari wa pikseli ulio chini ya mwenzake katika kisanduku uko baiti 256 mbele katika kumbukumbu, na ukisonga baiti 32 tu unajikuta mstari wa nane. Nikaandika majedwali ya kunitafsiria anwani. Ikapendeza.

Siku moja namwelezea mjomba kwenye simu jinsi kivuli kilivyokaa, akawa anasikiliza kwa adabu. Nilipokata simu ndipo nilipoona nimetumia mwezi kwa kitu ambacho hatakiona kamwe. Sikukifuta, wajukuu watakitazama. Lakini tangu siku hiyo sijagusa picha tena.

Nikageukia sauti. Spectrum ina spika ndogo inayojua mambo mawili, ndani au nje, biti ya nne ya mlango 254. Nilikwenda kwa mjomba na ubao wake, ule wa mti mwekundu uliolika katikati, nikaweka simu chini ya ukingo nikarekodi kete zikidondoka. Kete kwenye shimo tupu inapiga mbao: *tok*, nzito, fupi. Kete juu ya kete moja inagonga na kuteleza: *chk-k*. Juu ya tano au sita inakuwa *krr*, mbao haisikiki tena. Nilirekodi kila idadi mara nyingi, nikafungua mawimbi kwenye laptopu, nikatafuta mapigo yanayotosha kuigiza kila moja. Kwa *tok* yametosha mapigo kumi na moja. Kwa *krr* nilihitaji orodha ndefu ya nafasi zisizolingana, la sivyo inalia kama nyuki. Nimefika hadi idadi ya tisa. Kuanzia hapo sikio langu halitofautishi, mjomba anasema lake linatofautisha mpaka kumi na mbili.

Mchezaji asiyeona anausoma ubao wote hivyo. Anafuata mkono wa mwenzake kwa masikio, shimo kwa shimo.

Jumamosi nakwenda kwake na laptopu, redio kaseti na kanda. Nitawaambia.

#14 Kijana_Arua

Tunasubiri, Fundi. Usisahau betri za ziada za redio.

#15 Fundi_Naguru

Nimerudi. Naandika kabla sijalala ili nisisahau.

Nilifika saa nne asubuhi. Mjomba amevaa shati la kola, amenyoa. Nikaweka kanda, nikabonyeza. Mlio wa kuongoza ulipoanza aliweka kiganja juu ya redio, akakiacha pale mpaka kanda ikaisha. Hakusema neno. Tukaanza.

Anataja shimo kwa namba, mimi nabonyeza. Mashine inafikiri kama sekunde nane inapoangalia zamu tatu mbele. Alikula mara mbili mfululizo, akapata nguvu, akaanza kusimulia mambo ya kambini. Kisha mashine ikacheza zamu ndefu, kete zikatembea, ikapiga *tok*, na mjomba akanyosha mkono, akataja shimo lake.

Nikamwambia, "Bado, mjomba. Mashine inaendelea."

"Inaendelea vipi? Imelala. Nimesikia mbao."

"Haijalala. Shimo lile lilikuwa na kete moja."

"Basi mashine yako inaiba," akasema, na alikuwa amekasirika kweli. "Shimo lenye moja halipigi mbao. Mbao ni shimo tupu. Mimi nimesikia mbao, zamu ni yangu."

Nilitaka kumbishia. Nikafungua msimbo, nikaanza kumsomea, PAKIA, ONGEZA, PUNGUZA, na nilipofika kwenye sauti alinizuia. "Rudia hapo." Nikarudia. Ilikuwa hivi: sauti inapigwa baada ya kete kuongezwa shimoni, kwa hiyo napunguza moja ili nijue kete imeangukia ngapi. Nilipobadili kitanzi kuwa cha mapigo 39, niliandika upya sehemu inayoita sauti, nikapunguza moja huko pia. Imepunguzwa mara mbili. Shimo lenye nne lilikuwa linalia kama lenye tatu, lenye tatu kama lenye mbili, na lenye moja lilikuwa linapiga mbao. Kwa anayetazama skrini hakuna kilichoharibika, nimecheza mimi mwenyewe mamia ya mara bila kuliona. Kwa anayesikiliza, kila shimo lilikuwa limesema uongo tangu asubuhi, naye alikuwa anahisi jambo haliko sawa ila akadhani ni masikio yake.

Nikafuta mstari mmoja wa PUNGUZA. Nikarekodi kanda upya pale pale mezani. Tukacheza tena, na katikati ya zamu ya mashine akaanza kuhesabu pamoja nayo kwa sauti ya chini: tatu, tupu, moja, tano, mbili, tupu... Nilikuwa natazama skrini. Hakukosa hata shimo moja.

#16 Afande_Mstaafu

Mpe salamu zangu. Mwambie nikipata nafasi ya kushuka Kampala nitakuja tucheze, yeye, mimi na hiyo mashine.

#17 Fundi_Naguru

Nimemwambia, Afande. Ameuliza kama una ubao wako au uje kwenye wa kwake.

Faili mpya nimeipandisha, ile ya zamani msiitumie, ni ya mbao za uongo. TWIKA na TUA zimo. Mjomba aliomba badiliko moja tu kabla sijaondoka: mashine ipunguze haraka inapopanda, maana naye anahesabu. Skrini inachorwa mara 50 kwa sekunde, nikajaribu kusubiri fremu sita kati ya kete na kete, akatikisa kichwa, kumi, akatikisa. Kwa fremu 14 akasema hapo ni sawa, ndivyo wazee wanavyopanda.